Biashara mitandaoni: Mfanyabiashara wa Kigoma aanzie wapi?

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi msemo huo ulimtosha mfanyabiashara wa Kigoma, ambaye dagaa, migebuka, mawese na vitenge vyake vilifuatwa na wanunuzi hadi mialoni Kibirizi na Katonga au katika soko la Mwanga, bila yeye kulazimika kupiga kelele.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza hafungi safari ya kwenda mwisho wa reli kutafuta bidhaa. Anafungua simu yake, anaandika maneno "dagaa wa Kigoma" na kuanza kuchagua. Chema kisichoonekana kwenye simu hiyo hakijiuzi, na kibaya kilichopigwa picha nzuri chaweza kununuliwa mahali pake.

Hali hiyo imewafanya wafanyabiashara wengi wadogo wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kufikiria kuingia katika mitandao ya kijamii. Kufungua ukurasa ni kazi ya dakika chache. Kazi ngumu ni kumfanya mtu asiyemfahamu muuzaji, aliye umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, atume fedha zake leo kwa ajili ya mzigo atakaouona siku kadhaa baadaye.

Habari inakimbia, mzigo unatembea

Mwaka 1871, mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alipomkuta David Livingstone mjini Ujiji, habari hiyo ilichukua miezi kadhaa kufika London. Leo picha ya dagaa walioanikwa Katonga inafika London, Muscat au Kariakoo katika sekunde chache.

Hata hivyo, dagaa wenyewe bado wanasafiri kwa basi, lori au treni. Kati ya picha inayofika kwa sekunde na gunia linalofika baada ya siku mbili tatu pana pengo, na kinachoweza kuliziba ni uaminifu peke yake. Mnunuzi anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji naye anaogopa kutuma mzigo ambao hautalipwa.

Biashara ya namna hiyo si ngeni katika mji huu. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo, na watu waliotenganishwa na mwendo wa miezi walilazimika kufanya biashara kwa kuaminiana. Kilichobadilika ni kwamba zamani mfanyabiashara alijulikana kwa sura, ukoo na mtaa wake, ilhali mtandaoni mtu yeyote aweza kujipa jina lolote.

Kwa hiyo, ushauri wote unaofuata una shabaha moja, ambayo ni kumsaidia mfanyabiashara mgeni mitandaoni aaminiwe, kisha asiupoteze uaminifu huo.

Uwanja mmoja unatosha kwa kuanzia

Kosa la kawaida la anayeanza ni kufungua akaunti Facebook, Instagram, TikTok, X na WhatsApp kwa siku moja, kisha kuziacha zote zikiwa tupu baada ya mwezi. Ukurasa ambao tangazo lake la mwisho ni la mwaka jana humwambia mteja kuwa duka limefungwa. Ni heri kutokuwa nao kabisa.

Inafaa mfanyabiashara ajiulize kwanza wateja wake ni akina nani na wako wapi. Anayeuza samaki wabichi kwa mama lishe na hoteli za mjini Kigoma hahitaji wafuasi 10,000 wa Instagram. Anahitaji namba za simu za wateja 50 wanaoweza kufika mwaloni asubuhi. Huyo atafaidika zaidi na WhatsApp.

Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, haina malipo na iliundwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Ndani yake mtu anaweza kuandika jina na anwani ya biashara, saa za kazi, kupanga bidhaa zake katika katalogi na kuandaa majibu ya maswali yanayorudiwa kila siku.

Programu hiyo ina pia orodha ya matangazo, inayomwezesha muuzaji kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akiupokea kivyake bila kuona namba za wenzake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ujumbe huo humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya muuzaji katika simu yake. Kwa sababu hiyo, ombi la kwanza kwa kila mteja mpya liwe kuhifadhi namba.

Anayeuza vitenge, ambavyo mvuto wake uko kwenye rangi na mitindo, atapata nafasi nzuri zaidi Instagram, mahali ambapo picha ndiyo inayozungumza. Mwenye kazi inayopendeza kuangaliwa ikiendelea, kama vile kukamua mawese, kuunda mitumbwi au kupokea mitumbwi ya dagaa alfajiri, anaweza kujaribu video fupi za TikTok.

Facebook nayo inafaa kwa wateja mchanganyiko, wakiwamo Watanzania walioko nje ya nchi. Ila ni muhimu kufungua ukurasa wa biashara badala ya kutumia akaunti binafsi. Akaunti binafsi ina ukomo wa marafiki 5,000, na huchanganya picha za harusi ya shangazi na bei ya dagaa. Ukurasa wa biashara hauna ukomo huo, na unaweza kusimamiwa na zaidi ya mtu mmoja pale mwenyewe anaposafiri.

Baada ya kuuzoea uwanja mmoja kwa miezi kadhaa na kuona faida yake, ndipo mfanyabiashara aongeze wa pili.

Jina, namba na anwani

Mteja wa mbali hutafuta alama za kumhakikishia kuwa anazungumza na mtu halisi. Alama ya kwanza ni jina. Jina la biashara liwe fupi, litamkike kwa urahisi na lifanane kila mahali, kuanzia kwenye ukurasa na kibandiko cha mfuko hadi kwenye namba ya malipo.

Kabla ya kulichapisha jina hilo, ni busara kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ambao hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Namba ya utambulisho wa mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni ya biashara ya kawaida hupatikana halmashauri.

Wapo wanaodhani kuwa duka la mtandaoni haliko chini ya sheria kwa kuwa halina mlango. Sivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mteja, aeleze anapopatikana, na atoe maelezo ya bidhaa pamoja na bei yake.

Alama ya pili ni mahali. Kuandika "tupo Kigoma" hakutoshi. Aliyeandika kuwa anapatikana mwalo wa Kibirizi, au soko la Mwanga upande wa wauza vitenge, anamwezesha mteja kumtuma ndugu yake aliyeko Kigoma kwenda kuhakiki. Hata kama ndugu huyo hatakwenda, kule kujua kwamba anaweza kwenda kunampa mteja moyo.

Alama ya tatu ni namba ya simu. Laini ya biashara iwe imesajiliwa kwa jina la mwenye biashara mwenyewe, si la rafiki wala la kijana wa dukani. Mtu anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa kwa kupiga *106#. Siku kijana wa dukani atakapoondoka na laini iliyo kwa jina lake, ataondoka pia na wateja wote.

Picha isiyodanganya

Picha nzuri haihitaji kamera ya gharama. Simu ya kawaida, mwanga wa asubuhi au wa alasiri, na kitambaa safi cha rangi moja chini ya bidhaa vinatosha. Mwanga wa saa sita mchana hufifisha rangi, na taa ya dukani usiku huweza kuyafanya mawese mazuri yaonekane meusi.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kuchukua picha ya bidhaa ya mtu mwingine na kuitumia kama yako. Mteja aliyeona dagaa weupe wakubwa kwenye picha, kisha akapokea waliovunjika na wenye mchanga, hatanunua tena. Zaidi ya hapo, atawasimulia wengine, na hasara hiyo haitaishia kwa muuzaji mmoja kwa kuwa mteja hatakumbuka jina la ukurasa. Atasema ametapeliwa na "watu wa Kigoma".

Mchanga ni mfano mzuri wa namna picha inavyoweza kuongeza thamani ya bidhaa. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na lalamiko hilo ni la miaka mingi. Wanaoanikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa hukauka vizuri zaidi, na huepuka mchanga pamoja na wanyama. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilihimiza matumizi ya vichanja katika mwambao wa ziwa hilihili.

Mfanyabiashara anayetumia vichanja ana hadithi ya kusimulia ambayo mshindani wake hana. Video ya nusu dakika inayoonyesha dagaa wakigeuzwa juu ya kichanja, ziwa likionekana nyuma yao, inaeleza mengi kuliko kuandika "dagaa bora kabisa" mara kumi.

Maelezo yanayoandamana na picha yawe na vipimo vinavyoeleweka kote nchini. Sado, kopo na debe hutofautiana kutoka soko hadi soko, na mteja wa mbali hawezi kujua kopo la Mwanga linalingana na lipi la kwao. Dagaa watajwe kwa kilo, mawese kwa lita, na vitenge kwa yadi, pamoja na kueleza kama kitambaa ni pamba au ni mchanganyiko.

Bei nayo iandikwe wazi. Desturi ya kuwaambia watu "bei njoo inbox" huwafukuza wengi, kwani mteja huhisi kuwa bei itapangwa kwa kuangalia sura yake. Kama bei hubadilika kila wiki, kama ilivyo kwa dagaa, iandikwe pamoja na tarehe.

Kalenda ya ziwa ndiyo kalenda ya matangazo

Miongozo mingi ya biashara mitandaoni imeandikwa kwa ajili ya wauza viatu na simu, ambao ghala lao halikauki. Mfanyabiashara wa Ziwa Tanganyika hutegemea mwezi, mvua na taratibu za uvuvi, na hana budi kupanga matangazo yake kwa kufuata mambo hayo.

Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa kutumia taa zinazowavuta samaki kuja juu. Usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa hizo hupoteza nguvu, na ndiyo maana wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi unapokuwa mpevu. Anayetangaza "mzigo mpya upo" kipindi hicho bila kuwa na akiba atajikuta anapokea fedha za mzigo asiokuwa nao.

Msimu wa mvua nao huleta shida ya kukausha. Badala ya kutuma dagaa waliokauka nusu, ambao wanaweza kuota ukungu njiani, ni afadhali muuzaji aeleze ukweli na kuwaomba wateja wasubiri jua.

Aidha, yapo mapumziko ya uvuvi. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo, nyingine zikiwa Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia.

Kipindi kama hicho hakipaswi kuwa cha ukimya mtandaoni. Muuzaji anaweza kueleza kwa nini ziwa limefungwa, kutaja akiba iliyobaki, kuuza mawese au vitenge, na kuandikisha wateja watakaohudumiwa kwanza ziwa litakapofunguliwa. Mteja aliyeambiwa ukweli wakati wa uhaba ndiye atakayerudi wakati wa neema.

Jibu la haraka, malipo salama

Anayeuliza bei saa nne asubuhi na kujibiwa kesho yake jioni, mara nyingi huwa ameshanunua kwingine. Haimlazimu mfanyabiashara kukaa na simu usiku na mchana. Anachopaswa kufanya ni kutangaza saa zake za kujibu na kuziheshimu, kwa mfano asubuhi baada ya mitumbwi kurudi na jioni baada ya kufunga duka. Ahadi ni deni.

Katika malipo, huduma za fedha kwa njia ya simu zimerahisisha mambo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Kwa biashara, Lipa Namba ni bora kuliko namba binafsi, kwa kuwa mteja huona jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Jina hilo likifanana na la ukurasa, wasiwasi wake hupungua.

Utapeli una pande mbili. Wanunuzi wengi wamekwisha kupokea ule ujumbe maarufu unaosema "ile pesa tuma kwenye namba hii", hivyo ukurasa wa biashara uonyeshe wakati wote kuwa malipo hupokelewa kwa namba moja tu, na kwamba haibadilishwi kwa ujumbe.

Muuzaji naye asitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala au ujumbe uliotumwa na mteja, kwani vyote viwili hughushiwa. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040.

Wizi mwingine ni wa akaunti yenyewe. Mwizi humpigia mfanyabiashara akijifanya mtumishi wa kampuni na kumwomba amsomee namba yenye tarakimu sita iliyoingia katika simu yake. Akisomewa tu, akaunti ya WhatsApp inahamia kwake, na wateja wanaanza kuombwa fedha kwa jina la biashara. Namba hiyo haipewi mtu yeyote, na kila akaunti iwekewe uthibitisho wa hatua mbili.

Kwa mteja mpya wa mbali, njia nzuri ni kuanza na mzigo mdogo wa majaribio. Mzigo upimwe, upigwe picha ukiwa juu ya mizani, na mteja atumiwe picha hiyo pamoja na risiti ya basi. Kabla ya hapo ijulikane nani analipa nauli ya mzigo na nani anabeba hasara ukipotea au ukilowa njiani. Ugomvi mwingi hutokana na mambo ambayo hayakusemwa mwanzoni.

Lalamiko linapoandikwa hadharani lisifutwe, wala lisijibiwe kwa matusi. Wateja watarajiwa husoma jibu kuliko wanavyosoma lalamiko. Muuzaji anayeomba radhi, kueleza kilichotokea na kurudisha fedha pale alipokosea, hupata wateja kutokana na kosa hilohilo.

Chakula kina masharti yake

Anayefungasha dagaa au mawese kwa jina lake anapaswa kuzingatia masharti ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula na vipodozi. Kibandiko kionyeshe jina la bidhaa, uzito, mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na mwisho wa matumizi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), ambalo lina ofisi Kigoma, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mjasiriamali anayetaka kuelekezwa kuhusu ufungashaji na viwango.

Taarifa za wateja nazo zina ulinzi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu pia mfanyabiashara anayekusanya majina, namba za simu na anwani. Taarifa hizo zitumike kwa kazi iliyokusudiwa tu, na zisigawiwe kwa mtu mwingine bila ridhaa.

Hivyo si sahihi kuchapisha picha ya mazungumzo na mteja ikionyesha namba yake ili kuthibitisha kuwa biashara inakwenda. Si sahihi vilevile kumwingiza mtu katika kundi la WhatsApp bila kumwomba, wala kuendelea kumtumia matangazo aliyekataa.

Usijenge nyumba yote kwenye kiwanja cha kupanga

Mtandao wa kijamii ni mali ya mtu mwingine. Ukurasa wenye wafuasi wengi unaweza kutoweka kwa kudukuliwa, kufungiwa kwa kukiuka masharti, au kwa sababu zisizomhusu kabisa mwenye biashara.

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja inayoitwa Meta hivi sasa, zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya zinazopita chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa na kurejea baada ya siku kadhaa.

Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote wako ndani ya simu, bila namba hata moja kuandikwa kwingine, siku kama hizo hubaki hana biashara. Mwenye daftari hupiga simu ya kawaida au kutuma ujumbe mfupi, na mzigo unapakiwa.

Ule usemi wa mali bila daftari hupotea bila habari unafaa leo kuliko zamani. Kila mteja aandikwe jina, namba ya simu, mji alipo, alichonunua na tarehe. Daftari la kaunta linatosha kwa kazi hiyo. Lihifadhiwe mahali salama, nakala yake ikiwa kwa mtu anayeaminika.

Hesabu mauzo, si idadi ya wafuasi

Mitandao haina kiingilio, lakini ina gharama. Upo muda, lipo bando la intaneti, na upo uwezekano wa kulipia tangazo ili liwafikie watu wengi zaidi. Katika kurasa za biashara tangazo lisilolipiwa huonwa na sehemu tu ya wafuasi, kwani mtandao ndio unaoamua nani aonyeshwe nini. Kwa sababu hiyo matangazo ya kulipia yanaweza kufaa, mradi yapimwe.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa dagaa anayetumia Sh10,000 za bando na Sh20,000 za tangazo kwa mwezi, jumla Sh30,000. Akipata wateja sita wapya, na kila mmoja akamwachia faida ya Sh8,000 baada ya kutoa gharama za mzigo, atakuwa amepata Sh48,000, na Sh18,000 zitabaki mfukoni. Wakiwa wateja watatu, faida ni Sh24,000, na amepoteza Sh6,000, hata kama picha yake ilipendwa na watu 1,000.

Ili hesabu hiyo iwezekane, kila mteja mpya aulizwe swali moja tu: "Umetujuaje?" Jibu liandikwe katika daftari. Baada ya miezi mitatu daftari litaonyesha kama biashara inaletwa na Instagram, na WhatsApp, au na mteja wa zamani aliyemwambia jirani yake.

Si ajabu jibu likawa hilo la mwisho. Mtandao wa kijamii kwa asili yake ni maneno ya jirani yaliyopewa sauti kubwa. Husambaza sifa njema kwa kasi, na hueneza sifa mbaya kwa kasi ileile.

Pana pia soko ambalo wafanyabiashara wa Kigoma wameliona kwa macho tangu utotoni, nalo ni ng'ambo ya ziwa. Kiswahili kinazungumzwa Kalemie na Uvira, na kinafahamika Bujumbura. Tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha, bila vifupisho vya vijana wa mjini, linaeleweka kote huko, ingawa kupeleka mzigo nje ya nchi kunahitaji kufuata taratibu za forodha.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua za mwanzo ni chache: kuchagua mtandao mmoja, kuweka jina na anwani ya kweli, kupiga picha tano za bidhaa aliyonayo mkononi, kuandika bei na vipimo, na kufungua daftari la wateja. Kisha apeleke mzigo wa kwanza ukiwa sawasawa na picha.

Jina la dagaa wa Kigoma lilijengwa na watu waliokesha ziwani na kuanika kwa uangalifu muda mrefu kabla ya kuja kwa simu za mkononi. Kila anayefungua ukurasa leo anaazima jina hilo, na namna atakavyolitumia ndiyo itakayoamua kama yule mnunuzi wa mbali ataendelea kutuma fedha zake kabla ya kuuona mzigo.